Nani Abaki na Mgonjwa

Mwishoni mwa mwaka 1966, katika misitu ya Gombe juu ya Ziwa Tanganyika, mzee mmoja mwenye upara alitokea vichakani akijikokota kwa mikono. Miguu yote miwili ilikuwa imepooza. Ili asogee ilimbidi ashike shina lililo mbele yake, ajivute, apumzike, kisha ashike jingine. Palipokuwa na uwazi alijibingirisha, kichwa chini miguu juu, akatua hatua moja mbele. Haja zilimtoka bila yeye kujua, na nzi walimwandama. Aliitwa McGregor, kwa sababu alifanana na yule mzee mkali wa bustani katika hadithi za watoto za Beatrix Potter. Alikuwa sokwe.

Aliyempa jina ni Jane Goodall, aliyeshuka ufukweni Gombe mwezi Julai 1960 na ambaye, kinyume na desturi ya wanasayansi wa siku zile, aliwaita sokwe kwa majina badala ya namba. Mwaka huo wa 1966 alikuwa mjamzito, na ugonjwa uliokuwa ukipita msituni ulikuwa polio. Ulikuwa umeshawapata watu wa Kigoma kabla ya kuwafikia sokwe. Chanjo ya matone ikaletwa kutoka Nairobi, ikatiwa ndani ya ndizi, sokwe wakala wasijue kwamba wanachanjwa. Kwa McGregor chanjo ilikuwa imechelewa.

Wenzake walipomwona katika hali ile walitishika, manyoya yakawasimama. Goliath, dume lenye nguvu, alimwendea akampiga, na mzee hana pa kukimbilia. Siku zilivyopita walimzoea, ila kumzoea kwao kulikuwa kumpita kama vile hayupo. Siku moja sokwe wanane walikuwa wamekaa mtini wakisafishana manyoya, shughuli ambayo kwao ni salamu, ni maongezi, ni ujamaa wenyewe. McGregor akawaona. Akajikokota mpaka chini ya mti, akapanda kwa nguvu za mikono peke yake, na alipowafikia akaguna kwa furaha na kunyoosha mkono. Wakahama, wakaenda upande wa pili wa mti bila hata kumtazama. Mzee akabaki ameduwaa kwa dakika kama mbili, kisha akaanza kushuka. Goodall aliandika baadaye kwamba siku ile nusura awachukie sokwe.

Mmoja tu hakwenda mbali. Humphrey, dume kijana ambaye Goodall alimdhania kuwa mpwa wa McGregor, alikaa karibu naye siku baada ya siku. Kundi lilipoondoka kwenda kutafuta matunda, Humphrey alikwenda hatua kadhaa, akageuka, akangoja; alipoona mjomba haji, alirudi na kutandika kitanda chake cha majani karibu na cha mgonjwa. Goliath alipomshambulia mzee tena, Humphrey, ambaye siku zote alimwogopa Goliath, alimrukia. Kisha mkono mmoja wa McGregor ukachomoka begani, na watafiti wakaona hakuna tena la kungoja. Wakampiga risasi kumpumzisha. Kwa muda wa karibu miezi sita Humphrey aliendelea kurudi mahali pale, akipanda mti huu na ule, akikaa na kutazama huku na huku kama anayesubiri mtu.

Kila nyumba ya kwetu inalijua swali lililokuwa mbele ya kundi lile. Basi la harusi limeshapiga honi nje, watu wamevaa, na ndani kuna bibi asiyeweza kusimama. Nani abaki na mgonjwa? Swali halimwelekei kila mtu kwa usawa. Mara nyingi, hata kabla halijaulizwa, macho yameshamwangukia mmoja.

Swali hili kwa namna yake lilimsumbua Charles Darwin. Mwaka 1871, mwaka uleule ambao Stanley alimkuta Livingstone pale Ujiji, mwendo mfupi wa mashua kusini mwa Gombe, Darwin alichapa kitabu chake kuhusu asili ya binadamu. Nadharia yake ilisema viumbe hushindana na dhaifu huondoka. Sasa mbona barua na taarifa alizoletewa kutoka kila pembe ya dunia zilisimulia mambo mengine? Huko Utah, Marekani, kando ya ziwa la chumvi, alionekana mwari mzee, kipofu kabisa, naye amenona. Kipofu havui samaki, basi wenzake ndio waliomlisha. Kutoka India aliandikiwa habari za kunguru waliowalisha kunguru vipofu. Na kutoka Uhabeshi, Mjerumani Alfred Brehm alileta kisa kilichompendeza Darwin kuliko vyote. Nyani walikuwa wakivuka bonde wakashambuliwa na mbwa, wakakimbilia mlimani. Mtoto mmoja wa miezi kama sita akaachwa juu ya mwamba, amezungukwa, analia. Dume moja kubwa likashuka taratibu, likamfikia, likambembeleza na kumwongoza kurudi juu, mbwa wakibaki wameshangaa.

Darwin hakuficha upande wa pili. Katika kitabu hichohicho aliandika kwamba jamii zilizostaarabika hujenga nyumba za wagonjwa na kuchanja watu ndui, hivyo wapo maelfu wenye miili minyonge wanaoishi ambao zamani wangekufa, na kwamba mfugaji yeyote angeona hilo lina hasara kwa kizazi. Kisha akaongeza kuwa huruma hiyo hatuwezi kuizuia bila kuharibu kilicho bora zaidi ndani yetu. Waliokuja baada yake waligawana kurasa hizo kama nyama ya buchani, kila mmoja akaondoka na kipande alichokipenda. Binamu yake Francis Galton alichukua kipande cha mfugaji, na mwaka 1883 akaunda jina la elimu ya kuboresha kizazi cha watu kama wanavyoboreshwa ng'ombe. Tutafika huko.

Kipande cha nyani wa Uhabeshi kilichukuliwa na Mrusi. Peter Kropotkin alizaliwa Moscow mwaka 1842 katika ukoo wa makabaila, na alipokuwa kijana alichagua kwenda Siberia, ambako alisafiri kati ya 1862 na 1867. Alikwenda huko akitarajia kuona vita ya kila kiumbe na mwenzake. Aliona theluji, njaa, na makundi ya wanyama wakipambana na hali ya hewa kwa pamoja, huku ugomvi wa mnyama na mnyama wa jamii yake akiutafuta bila kuupata. Baadaye akawa mwanamapinduzi, akafungwa, akatoroka mwaka 1876, akaishia Uingereza. Huko mwaka 1882, katika nyumba ya samaki ya Brighton, alimwona kaa mmoja mkubwa aliyepinduka chali, amekwama kwenye kona, na fimbo ya chuma inamzuia kujiinua. Kaa wenzake walikuja kumsukuma. Wakashindwa, wakaenda kuita wengine, wakarudi, wakajaribu tena. Kropotkin alisimama pale kwa saa moja akitazama. Ninampenda kwa ajili ya saa ile moja kuliko kwa siasa zake. Mwanabiolojia T. H. Huxley alipoandika mwaka 1888 kwamba maisha ya wanyama ni kama ulingo wa wapiganaji, Kropotkin alianza kumjibu kwa makala, na makala zikawa kitabu mwaka 1902, kinachosema kusaidiana ni sheria ya maumbile sawa na kushindana.

Lakini Kropotkin alipenda mno kundi. Kwake kundi husaidia, na habari imekwisha. Angekuwepo Gombe siku ile ya mti, angekutana na kundi lililohama na kijana mmoja aliyebaki, na hapo ndipo pagumu: si kila aliye dhaifu anahesabiwa kuwa wa kundi, na anayehesabu si maumbile peke yake.

Angeweza pia kuliona hilo katika njia za misafara za Afrika Mashariki, katika miaka hiyohiyo aliyokuwa Siberia. Tarehe 19 Juni 1866, karibu na mto Ruvuma, Livingstone aliandika katika daftari lake kwamba wamepita maiti ya mwanamke aliyefungwa shingo kwenye mti. Wenyeji walimweleza: alikuwa mtumwa katika msafara, alishindwa kwenda sambamba na wenzake, na mwenye mali hakutaka aokotwe na mtu mwingine akipata nafuu. Hesabu yake ni rahisi na inatisha. Mwanamke yule hakuachwa kwa sababu watu wa msafara walikosa huruma kuliko nyani wa Uhabeshi. Aliachwa kwa sababu ndani ya msafara ule hakuwa mtu wa mtu. Nduguze, ambao wangeulizana nani abaki naye, walikuwa nyuma, mbali, au wako kwenye mnyororo uleule.

Miaka saba baadaye mgonjwa alikuwa Livingstone mwenyewe. Aprili 1873, katika vinamasi vya ziwa Bangweulu, nchi ambayo leo ni Zambia, alikuwa akitokwa damu na hawezi tena kutembea wala kukaa juu ya punda. Watu wake wakakata miti, wakaunda kitanda cha kubebea, wakatandika majani na blanketi, wakampandisha mabegani. Neno lenyewe, kitanda, limeandikwa hivyohivyo katika kumbukumbu zake za siku za mwisho. Kila walipomgusa aliumia, na maji yalikuwa kila mahali. Walioongoza kazi hiyo walikuwa Abdullah Susi, mtu wa Shupanga kwenye mto Zambezi, na James Chuma, Myao aliyekombolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa mwaka 1861 akiwa mtoto. Chuma, kwa maneno mengine, aliwahi kuwa upande wa yule mwanamke wa Ruvuma.

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei katika kijiji cha Chitambo. Moyo wake ulizikwa pale chini ya mti, mwili ukatiwa chumvi na kuanikwa juani kwa majuma mawili, kisha ukabebwa hadi Bagamoyo, ulikofika Februari 1874. Njiani, walipofika Unyanyembe, Luteni Cameron wa Uingereza aliwashauri wamzike hapohapo. Walikataa. Vitabu vingi vya zamani vimelieleza tukio hili kama uaminifu wa watumishi kwa bwana, na ndivyo lilivyofundishwa shuleni. Mimi hunivuta zaidi zile siku za Aprili, kabla hajafa, alipokuwa mzigo mzito usio na faida yoyote. Hakuwa ndugu yao kwa damu. Mshahara wao ulikuwa Zanzibar, na njia ya kurudi ilikuwa wazi. Wangeweza kumwacha kijijini na hakuna mahakama ambayo ingewashitaki. Miaka ya kutembea pamoja ilikuwa imeshamfanya wa kwao, na wa kwako akishindwa kutembea unakata miti.

Kuna njia nyingine ya kumtoa mtu katika walio wako, nayo ni ya makaratasi. Elimu ya Galton ilipata wafuasi Ulaya na Marekani, na Ujerumani ya Hitler ikaipeleka mwisho wake. Kuanzia mwaka 1939, ofisi iliyokuwa Berlin, baadaye katika Tiergartenstrasse namba 4, ilipokea fomu kutoka hospitali za wagonjwa wa akili na makao ya walemavu. Madaktari ambao hawajawahi kumwona mgonjwa walitia alama juu ya karatasi, na alama ile ilikuwa uhai au kifo. Hadi Agosti 1941 watu zaidi ya 70,000 walikuwa wameuawa, wengi wao kwa gesi. Tarehe 3 Agosti mwaka huo, Askofu Clemens August von Galen alipanda mimbari mjini Münster akauliza wazi: ikiwa asiyezalisha anaruhusiwa kuuawa, itakuwaje kwa mzee, kwa mfanyakazi aliyeumia kiwandani, kwa askari atakayerudi kutoka vitani hana mguu? Hoja hiyo ingeeleweka mwambao mzima wa Pwani bila mkalimani: hujafa hujaumbika. Kabla mwezi haujaisha Hitler aliamuru mpango usimame, ingawa mauaji yaliendelea kwa siri hospitalini, kwa sindano na kwa njaa. Familia za Kijerumani zilizopelekewa masanduku ya majivu na barua za uongo zilikuwa zimeshaanza kunong'ona kabla ya askofu kusema. Ofisi ilikuwa imesahau kwamba nyuma ya kila fomu yupo mtu anayengoja barua.

Sasa tuingie mapangoni, maana hoja kubwa ya wale wa Berlin ilikuwa kwamba kumlea dhaifu ni anasa ya ustaarabu, na kwamba binadamu wa kale hakuwa na ujinga huo. Mwaka 1957, katika pango la Shanidar huko Kurdistani ya Iraki, Mmarekani Ralph Solecki alifukua mifupa ya Neanderthali mwanamume aliyefariki akiwa na miaka kati ya 40 na 50, umri mkubwa sana kwa watu wa aina yake, aliyeishi miaka zaidi ya 40,000 iliyopita. Uso ulikuwa umewahi kupondwa upande wa kushoto, na huenda jicho hilo lilikuwa halioni. Mkono wa kulia ulikuwa umenyauka, na kuanzia juu ya kiwiko kwenda chini haupo kabisa. Mguu wa kulia ulikuwa na kasoro, kwa hiyo alichechemea. Mwaka 2017 wataalamu Erik Trinkaus na Sébastien Villotte walionyesha kwamba hata masikio yalikuwa yamezibwa na mfupa uliojiotea ndani. Na majeraha yote hayo yalikuwa yamepona zamani. Kwa muda wa miaka mingi mtu huyu alikuwa nusu kipofu, nusu kiziwi, mwenye mkono mmoja, katika nchi ya simba na baridi.

Solecki alisadiki kwamba wenzake walimtunza, na dunia ikasadiki naye. Mwaka 1991 mwanaanthropolojia Katherine Dettwyler akauliza: mnajuaje? Kupona kwa mfupa hakuthibitishi kwamba kuna aliyeleta uji. Adolph Schultz, aliyechunguza mifupa ya gibboni waliowindwa porini Asia katika miaka ya 1930, alikuta karibu theluthi moja wana mivunjiko iliyojiunga yenyewe, na gibboni hana hospitali. Tena, alisema Dettwyler, nani kawaambia kwamba mtu mwenye mkono mmoja hana kazi? Huenda yule wa Shanidar alichochea moto, alilea watoto, alijua maji yalipo. Ninamshukuru mama huyu. Kuna usemi unaozunguka kwenye simu zetu kila mwaka, kwamba dalili ya kwanza ya ustaarabu ni mfupa wa paja uliopona. Unapendeza, lakini gibboni wa Schultz wanaukanusha. Na kuna dharau iliyojificha ndani ya huruma yetu, pale tunapomwona mlemavu wa miaka 40,000 iliyopita na kudhani mara moja kwamba alikuwa akilishwa tu.

Jibu lilikuja kutoka Vietnam. Mwaka 2007, katika makaburi ya Man Bac yenye umri wa takriban miaka 4,000, alifukuliwa kijana aliyezikwa amejikunja, wakati wenzake wote wamenyooshwa. Shingo yake ilikuwa imeungana mifupa kwa kasoro ya kuzaliwa, na mifupa ya miguu na mikono ilikuwa imekonda kama vijiti. Lorna Tilley na Marc Oxenham wa Australia walikadiria kwamba alipooza kuanzia kiunoni kwenda chini kabla ya kuwa mtu mzima, na mikono ilimfaa kidogo sana. Aliishi hivyo miaka kama kumi. Hapa hakuna nafasi ya kusema alijitegemea. Mtu aliyepooza akiachwa juma moja bila kugeuzwa anaota vidonda, na vidonda vikiingia uchafu ni kifo. Kijana yule alilishwa, alinyweshwa, alioshwa, aligeuzwa, mchana na usiku, na watu waliovua samaki na kuwinda, wasio na chuma. Aliyewahi kumuuguza mtu wa namna hiyo nyumbani anajua hesabu ya siku zaidi ya elfu tatu ina maana gani. Wanaakiolojia wanaandika kwamba jamii ilimtunza. Mimi nadhani kulikuwa na mikono miwili au mitatu iliyofanya sehemu kubwa ya kazi, na majina yake yamepotea.

Kwa nini mikono hiyo iwepo kabisa? Miaka miwili kabla ya McGregor kupooza, mwaka 1964, Mwingereza William Hamilton alichapa hesabu yake maarufu: tabia ya kumsaidia ndugu inaweza kuenea hata kama inamgharimu msaidizi, kwa kuwa ndugu amebeba sehemu ya urithi uleule. Waswahili husema damu nzito kuliko maji. Hamilton alipima uzito wenyewe. Mwaka 1971 Robert Trivers akaongeza kwamba hata wasio ndugu watasaidiana, mradi wanakutana tena na tena na wanakumbukana, leo kwangu kesho kwako. Na katika miaka ya 1980 Kristen Hawkes na wenzake, walipokaa na Wahadzabe kando ya Ziwa Eyasi, waliona bibi vizee waliokwisha kuacha kuzaa wakichimba mizizi kwa saa nyingi kuliko binti zao, chakula kikiishia midomoni mwa wajukuu. Anayehesabiwa mzigo ndiye aliyekuwa akibeba mzigo.

Hesabu hizi zinaeleza mengi, tena vizuri. Zinapokutana na mnyama mmoja, siku moja, ndipo mambo yanapokuwa ya kusisimua. Huko Amboseli, ambako Cynthia Moss alianza kuwafuatilia tembo mwaka 1972, jike mkuu wa familia aliyeitwa Echo alizaa dume mwaka 1990. Mtoto, aliyeitwa Ely, hakuweza kunyoosha miguu ya mbele. Ilikuwa imejikunja kwenye viwiko vya chini, akawa anatambaa juu yake mpaka ngozi ikachubuka. Hakuifikia chuchu ya mama. Familia ilihitaji maji na malisho, ikasogea. Echo akabaki, na pamoja naye binti yake Enid. Walikwenda kwa mwendo wa Ely, hatua chache na kusimama, wakimgusa kwa mikonga. Siku ya tatu miguu ikanyooka. Ely alikua akawa dume kubwa. Angalau mara hii aliyebaki alilipwa.

Turudi Gombe, kwa kuwa habari ya polio haikuisha na risasi. Miongoni mwa walionusurika ni Faben, aliyepooza mkono. Mdogo wake Figan hakumwonea huruma. Alipomwona kaka amedhoofika alitumia nafasi hiyo kumpanda kichwani. Lakini kaka alijifunza kutembea wima kwa miguu miwili, mkono umening'inia, na baada ya muda ndugu hawa wakapatana. Mwaka 1973 Figan akawa mkubwa wa kundi zima, akisimama kila mara na Faben ubavuni. Aliyeondolewa madarakani alikuwa Humphrey. Ndiyo, yuleyule mpwa wa McGregor, aliyekuwa mkubwa tangu 1971, akashindwa na ndugu wawili waliokuwa na mikono mitatu.

Januari 1974, baada ya kundi kugawanyika na wengine kuhamia kusini kwenye bonde la Kahama, madume ya Kasakela, yaliyobaki kaskazini, yalivuka mpaka yakamkuta Godi akila peke yake. Hilali Matama, mtafiti msaidizi wa Kitanzania, aliona yote. Godi aliangushwa chini na kupigwa na kung'atwa na kundi zima, mpaka wakamwacha na majeraha. Hakuonekana tena. Aliyemkandamiza chini asiweze kunyanyuka alikuwa Humphrey. Godi aliwahi kuwa mwenzao. Walisafishana manyoya kwenye miti ileile. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Madam Bee, mama mzee ambaye polio ya 1966 ilimwachia mkono uliokufa, na ambaye binti yake, Little Bee, alikuwa akipanda miti na kumshushia matunda. Madume ya Kasakela yalimpiga mpaka akafa baada ya siku chache.

Nimesoma watu wakijaribu kumpatanisha Humphrey wa 1966 na Humphrey wa 1974, kana kwamba mmoja wao ni wa uongo. Sioni haja. Ni mikono ileile. Mpaka ulikuwa umepita katikati ya bonde, na Godi akawa ng'ambo.

Kusini mwa Kigoma, kwenye milima ya Mahale, Mjapani Toshisada Nishida alianza kuwafuatilia sokwe mwaka 1965, na watafiti wa Kyoto hawajaondoka tangu hapo. Mwaka 2011 jike aitwaye Christina alizaa mtoto ambaye wao walimwandika kwa herufi na namba, XT11. Mapema walimwona kuwa tofauti. Mdomo ulikaa nusu wazi, macho hayakufuata kitu. Hakuweza kukaa bila kuegemezwa. Miguu haikushika manyoya ya mama, na kwa sokwe kushika ndiko kuishi, kwa kuwa mama anahitaji mikono yake kupanda na kuchuma. Dalili zilifanana na zile za ugonjwa wa Down kwa binadamu. 

Christina alimbeba kwa mkono mmoja. Alitembea hivyo kwa miguu mitatu, akila na kupanda kwa mikono pungufu. Wengine wa kundi la M hawakumwogopa mtoto wala kumshambulia, tofauti na walivyofanya wa Gombe kwa McGregor, lakini mama hakuwaruhusu wasio ndugu kumchukua. Aliyeruhusiwa ni dada. Binti mkubwa wa Christina alimpokea mdogo wake, akamkumbatia, akakaa naye, na mama akapata nafasi ya kula kwa mikono miwili. Miezi ikapita kumi, ikapita ishirini.

Kisha dada akazaa wa kwake. Mikono yake ikawa na kazi nyingine. XT11 alikuwa amefikisha miezi kama 23 watafiti walipomwona Christina akipita na kundi bila mtoto, akitembea kwa miguu yote minne.